Mzungu Hakuujua Utani Wetu

Mtani wangu Masanja,

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule nilikaa miezi minne tu, lakini herufi zilinikimbilia zenyewe, unanijua. Huyo anayekusomea huko Unyamwezi mwambie asome polepole. Maneno ya mtu aliyefika Tanga mara tatu hayasomwi mbiombio.

Unakumbuka tulivyoanza? Siku yako ya kwanza shambani Korogwe, mimi mnyapara, wewe mgeni, kisu cha kugema mpira umekishika kama mwiko. Nikasema, "Mnyamwezi! Nyinyi mnazaliwa na mzigo kichwani." Hukungoja hata nimalize kucheka. "Na nyinyi Wazigua wa Handeni, mvua ikifika kwenu inauliza njia ya kurudi." Genge zima hoi kwa kicheko. Tangu hapo tukala sahani moja. Mke wangu alipojifungua, wewe ndiwe uliyekwenda Handeni kwa miguu kumpa mama habari. Ukamwambia amezaliwa nyani, na mama kwa furaha akakuchinjia kuku.

Kisha bei ya mpira ikaanguka huko Ulaya. Kila Jumamosi wengine waliachishwa kazi, wakarudisha visu. Pale stesheni wanaume walikaa kando ya reli kungoja mzigo wa kubeba, watu kumi kwa gunia moja. Kina mama waliotuuzia uji walirudi kwao Makuyuni na vyungu vimejaa.

Asubuhi ile uliyofukuzwa, yule Mzungu mwenye shamba akanisimamisha mbele ya genge. "Nani mvivu hapa?" Masanja, kinywa changu hakijawahi kunisubiri. Nikakunyooshea kidole: "Huyu Mnyamwezi! Akiegemea mti, mti ndio unaochoka." Watu wakacheka, wewe ukacheka kuliko wote. Bwana hakucheka. Alikuita mbele, akakunyang'anya kisu.

Nilimfuata mpaka barazani kwake, na hili hulijui. Nikamwambia, "Bwana, yule ni mtani wangu. Hakuna mgemaji anayemshinda."

"Kumbe ulinidanganya?"

Utani nitamweleza vipi mtu asiye na mtani? Nikasema, hapana bwana, sikudanganya.

"Basi ni mvivu."

Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokuuza, mtani wangu, si pale kwenye mzaha. Ningekubali kuitwa mwongo ningenyang'anywa unyapara, nawe pengine ungebaki. Niliwafikiria wale wa kando ya reli, nikaogopa.

Ulipofunga mzigo wako nilisimama mlangoni. Mtani huchukua apendacho kwa mtani wake bila kuomba, na kofia yangu nyekundu ulikuwa umeitamani mwaka mzima. Nikakwambia, "Iibe basi." Ukajibu, "Asante, bwana mnyapara, ninayo yangu." Bwana mnyapara! Afadhali ungenipiga.

Baada ya miezi miwili shamba likafungwa, miti ya mpira ikang'olewa na mizizi yake. Mimi niliyekunyamazia ili nibaki, sikubaki. Sasa niko Handeni nalima mtama. Vijana waliorudi kutoka mashambani wanashinda wamekaa kimya, kila mmoja na jembe lake na hana wa kumlimia, na kodi ya serikali ya kila kibanda inawangoja vilevile. Naanzisha mzaha, mimi niliyekuwa nachekesha Korogwe nzima, wananitazama kama mgonjwa.

Sikuandikii nikupe kazi, sina. Nataka jibu tu. Ukianza na "ndugu yangu mpendwa", ukanisalimia kwa adabu, nitajua nimekupoteza na sitakusumbua tena. Lakini ukinitukana, mtani, ukanitukana mpaka huyo msomaji wako aone haya kuandika, barua hiyo nitaisoma sokoni kwa sauti, watu wote wasikie.

Mimi leo sikutukani. Sina haki hiyo. Zamu ni yako.

Ni mimi mtani wako wa Handeni, kama bado wanikubali.