Nani Aliruka Kwanza Tuta la Mkonge? Kwa Cornel Beda wa Kimamba

Mwaka mmoja umetimia, mume wangu Cornel Beda, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipotuaga hapa Kimamba baada ya kuugua kwa majuma matatu. Gereji yako ya baiskeli ingali inafunguliwa saa moja kamili. Siku hizi anayeifungua ni Domina, binti yetu mkubwa, na wateja wameanza kumwita fundi bila kutabasamu.

Tunakumbuka ulivyomtaka kila mteja akueleze baiskeli yake inaumwa wapi, nawe ukamsikiliza hadi mwisho hata kama umekwisha kuona ugonjwa. Tunakumbuka ulivyonichongea penseli ya kisomo cha watu wazima kwa tupa ya chuma, ukaniambia, "Mama Domina, herufi ni kama spoku. Moja ikilegea, gurudumu zima linayumba." Tena hukumkabidhi mtu chombo ulichokichomelea kabla ya kukipakia gunia na kukizungusha wewe mwenyewe hadi stesheni na kurudi. Tulikucheka kwa tabia hiyo. Hukutueleza sababu yake.

Vijana, kuanzia Kilosa mjini hadi Mikumi, wanakukumbuka zaidi kwa baiskeli za BMX. Mitumba ya baiskeli iliposhushwa hapa miaka ishirini na miwili iliyopita, ndani yake mlikuwa na vibaiskeli viwili vifupi, vya matairi manene, visivyo na keria wala kengele. Wewe na rafiki yako Hussein mlinunua kimoja kimoja. Watu wakawauliza, "Watu wazima ninyi, vya watoto hivyo mtavipeleka wapi?" Mkaona kweli vimepungukiwa. Ukaviongezea viti virefu, ukavifunga kengele, kisha ukavichomelea keria za nondo. Kwa miezi sita BMX za kwanza za Kimamba zilisomba mihogo!

Hakuna aliyewaambia kwamba zilitengenezwa kuruka. Zilisema zenyewe, siku mliposhuka kwa kasi kwenye tuta la ile reli ndogo ya mashamba ya mkonge, iliyokwisha kung'olewa vyuma, na baiskeli moja ikapaa na mzigo wake. Tangu hapo ulikata keria, ukang'oa visiki vya mkonge kwa jembe, ukafinyanga matuta ya udongo, ukafundisha kila aliyekuja. Loveth, kitinda mimba wetu, alishinda Mikumi mara mbili, mojawapo baada ya mashindano kusimama nusu saa yakisubiri nyani waondoke njiani. Ulisema nyani nao walikuja kujifunza.

Lakini baiskeli ile iliyopaa kwanza ilikuwa ya nani? Swali hilo limetusumbua mwaka mzima.

Kila ulipoitwa bingwa wa kwanza, ulijibu, "Wa kwanza ni Hussein. Mimi ni wa pili." Naye Hussein alipoulizwa, alijibu, "Ni Cornel. Mimi nilikuwa nyuma yake." Hakuwahi kuja kwenye mashindano, wala hakupanda BMX tena. Tulidhani mnatupiana heshima, kama watu wanaosukumiana kipande cha mwisho cha nyama.

Mwaka huu vijana waliamua kusimamisha kibao pale tutani, chenye jina la aliyeruka kwanza. Fundi wa maandishi alitaka jina kabla ya Ijumaa. Ndugu yako Yohana alisema, "Andikeni jina la marehemu. Nani atabisha?" Hilo ndilo lililotukosesha raha. Tukikupa heshima uliyoikataa maisha yako yote, tutakuwa tumekuheshimu, au tumekubishia ukiwa huwezi kujibu?

Basi mimi na Domina tukaenda kwa Hussein.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema Domina.

"Marahaba. Mmekuja na lile swali?"

"Tumekuja nalo."

"Lirudisheni lilikotoka. Andikeni Cornel."

"Baba mwenyewe alisema ni wewe."

"Baba yako alikuwa fundi wa baiskeli. Mambo ya historia aliyajulia wapi?"

Nilitazama mkono wake wa kushoto, ule usionyooka. Siku zote tuliambiwa kwamba aliumia shambani. Nikamwuliza, "Shemeji, mkono huo uliumia wapi hasa?"

"Nilianguka."

"Kutoka wapi?"

"Mama Domina, kule kisomoni mnafundishwa kusoma au mnafundishwa upolisi?"

Tulicheka sote watatu, kisha yeye akajimiminia kahawa. Alipoanza kusema, alisema akiitazama kahawa yake.

Hussein ndiye aliyetangulia siku ile. Ndiye aliyepaa. Keria yake ulikuwa umeichomelea upya asubuhi ile, umeme ukakatika kabla hujamaliza upande wa pili, nawe ukamwambia, "Itashika hadi kesho." Haikushika. Ilikatika hewani, gunia likamwangukia mgongoni, naye akaangukia kisiki cha mkonge. Wewe uliyekuwa nyuma hukuweza kusimama. Ulipaa juu yake ukatua salama, na watu waliokuwa barabarani wakapiga makofi.

"Walimwona yeye," alisema Hussein. "Mimi nilikuwa chini ya mihogo."

"Sasa kwa nini ulikataa miaka yote hii?" aliuliza Domina.

"Ningekubali, wangeniuliza nilianguka kwa sababu gani. Na nani angempelekea tena baiskeli fundi ambaye keria yake imemvunja mtu mkono? Wewe ulikuwa na miaka mitano, mdogo wako Goodhope anatambaa. Kila baba yako alipotaja jina langu nilijua anaitafuta njia ya kuitaja ile keria, nami nikamzibia. Nilimwambia, 'Cornel, mkono ni wangu, nimeusamehe mimi. Usiwanyime watoto ugali.'"

Domina alisema, "Baba mdogo, gereji sasa ni yangu. Watakaokuja watapima kazi ya mikono yangu. Turuhusu tuandike kweli."

Hussein alinitazama. Nilimwambia kwamba nitaiandika mimi, na kwamba itasomwa na watu.

"Andika," alisema. "Lakini usiishie kwenye keria. Andika kwamba alinibeba mgongoni hadi zahanati, mwendo wa saa nzima, akilia kama mtoto. Na mihogo yangu aliirudia, akaifikisha nyumbani kwangu yote. Hilo hakuliona mtu mwingine."

Tumeandika, Cornel. Kibao kimesimama tangu Jumamosi, nacho kinasema: HUSSEIN ALIRUKA WA KWANZA. CORNEL ALIRUKA WA PILI. Yohana amenung'unika kidogo. Hussein alikuja kukiona, akasema herufi ni kubwa mno, kisha hakuondoka hadi jioni.

Kwa zaidi ya miaka ishirini ulijaribu kulisema jambo hili nasi tukalidhania ni unyenyekevu. Tuwie radhi. Leo limesemwa mbele ya watu kwa niaba yako, pamoja na kosa lake na malipo yake, nawe huna deni tena kwa mtu yeyote.

Unakumbukwa na mkeo Magdalena, wanao Domina, Goodhope na Loveth, ndugu yako Yohana na jamaa wote wa Munisagara na Mamboya, shemeji zako, waendeshaji wa BMX wa Kimamba, Kilosa na Mikumi, na rafiki yako Hussein, ambaye ameomba jina lake liwe la mwisho.

Mungu akupumzishe vyema. Siku zetu zote, hatutakusahau.