Mlango wa Chumba cha Mama

Dada Zuhura,

Mlango wa chumba cha mama wameshaung'oa. Nakuambia hili kabla hata ya salamu kwa sababu hapa ninapoandika nimekaa chini pale pale penye uwazi, mgongo nimeuweka kwa ndani ili wanaopita uani wasimwone mama, na karatasi ipo juu ya sufuria nililolipindua. Baba mdogo Hussen alikuja jana asubuhi na nyundo na bisibisi. Hodi hakupiga. Alifungua bawaba moja moja huku anaongea kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, kwamba mwanamke aliyeshaonwa na dunia nzima, mlango wa kumfichia nini, tena mbao zile alinunua kaka yake. Akaubeba kichwani akaenda nao kwake. Nimetundika shuka langu. Upepo ukija shuka linapanda, nalishika kwa mkono.

Shikamoo dada. Natumaini huko Songo Songo mnaamka salama, wewe na shemeji na watoto, na kile kikohozi cha mdogo kimeisha. Mimi mwili hauna neno. Mama anaamka, anaswali, anakula kidogo. Ningekupigia, lakini namba yangu umeifunga, na ya mama uliifunga kabla ya yangu. Ndio nimeona niandike. Shule yangu unaijua iliishia wapi, kwa hiyo ukikuta maneno yamepandana vumilia. Faustino wa bodaboda anashuka Masoko leo, ataipeleka mpaka kwenye boti ya kwenu.

Najua shangazi Naima alikupigia. Najua na ulichomjibu, kwamba wewe mama huna tena. Alikuja kulisema hapa uani, alisimama karibu kabisa na dirisha ili lisipotee njiani. Mama alikuwa na kile kikombe chake cha punje za mahindi, kila siku ya eda anatoa moja. Mkono ukasimama hewani. Halafu akaitoa punje, akaiweka na wenzake. Dada, hilo sijakusamehe. Nakuandikia lakini sijakusamehe.

Sasa nikueleze yalivyokuwa, maana shangazi amekupa nusu, tena nusu mbovu.

Brighton unamjua, mtoto wa mwalimu Skolastika, aliyekuwa anapiga picha za paspoti pale Masoko na mtu anatoka macho yamefumba. Baadaye akaenda Dar, kuna watu wakamfundisha picha za sanaa, siku hizi anaitwa mpaka nje. Mwezi huu alikwenda Sauzi, Johanesbagi, kwenye maonyesho makubwa ya picha ya mataifa. Akatuma video kwenye grupu la vijana wa Njinjo. Mimi niliiona kijiweni kwa Deo, pale wanapochajisha simu, tulikuwa kama watu kumi na wawili tunachungulia kioo kimoja.

Ukumbi wenyewe ni mkubwa kuliko godauni la korosho. Ndani wamegawa vibanda kama Nane Nane pale Ngongo, ila hakuna anayeita wateja wala kuonjesha asali. Kuta nyeupe tupu, halafu picha moja, halafu ukuta tena. Watu wanatembea polepole na glasi mkononi, wanasimama wanashika kidevu, wanainamia kama wanatafuta sindano. Brighton amevaa koti jeusi, anaongea Kiingereza, anageuza simu huku na huku. Halafu akageuza tukamwona mama.

Mama ukutani, mkubwa kama mlango huo huo uliong'olewa. Ana shuka lake jeupe la eda, ushungi umerudi nyuma mpaka mvi za mbele zinaonekana, na anacheka. Sio kutabasamu. Anacheka mpaka lile pengo la jino la pembeni linaonekana. Pembeni yake, ndani ya picha, kwenye ukuta wa chumba kuna kivuli cha mtu. Chini wameweka kikaratasi, na pembeni ya kikaratasi kidoti chekundu.

Tukazidi kukisogelea kioo. Deo ndiye mwenye Kiingereza, akaanza kutufasiria. Picha inaitwa Mjane Anayecheka. Kidoti ni kwamba imeshapata mtu. Brighton anasema zimetengenezwa tano tu dunia nzima, haitatoka ya sita. Tano tu, na hapa Njinjo hakuna simu haina! Halafu mama mmoja wa kizungu akamuuliza mjane huyu kilimchekesha nini. Na Brighton, dada, bila kupepesa, akasema kwamba alikaa naye siku nyingi chumbani, taratibu, mpaka akamzoea na akasahau kama yupo. Akasema kile kivuli ni kama marehemu mumewe, amekuja kumsikiliza.

Hapo ndipo ilipoharibika. Mtu mmoja akasema kumbe mzee Likwata hajaoza, mkewe ameshapata wa kumchekesha. Wakacheka. Mwingine akasema ndio maana msibani hakulia sana. Nilikuwa nimeshika simu yangu inachaji, niliichomoa nikaondoka. Unajua mimi sijui kujibu watu. Toka siku ile nikipita kuchota maji watoto wananiita kicheko, na wakubwa wao wamekaa wanawasikia.

Jioni yake baba mdogo alijaza watu kwenye baraza lake. Shangazi Naima akasema yeye alishaona zamani kwamba mama haikai eda, anaikalia tu. Baba mdogo akasema ukoo umetukanwa, kwamba mwanamke wa eda hata sauti yake haitakiwi kumfikia mwanaume wa kando, huyu amemkaribisha mkristo chumbani na kumwonyesha nywele na meno. Wakatuma mtoto wa kike aje amuulize mama, maana mama hawezi kutoka kwenda kusimama mbele ya wanaume. Ndio ujue shida yake ilipo. Eda ile ile wanayosema ameivunja ndiyo inayomfunga asiende kujitetea. Alijibu neno moja tu, kwamba picha alipigwa na Mungu anajua aliyepiga. Mtoto akarudi nalo, wakaguna.

Halafu baba mdogo akanigeukia mimi. Akaniuliza mbele ya wote, Abilahi, wewe ndiye unayelala nyumba ile, siku Brighton alipokuja ulikuwepo au hukuwepo. Watu wote wakanigeukia. Nikajibu nilikuwa shamba, kwenye ufuta. Baba mdogo akapiga goti lake, akasema basi, hata mwanawe alimtoa kwanza.

Nilimpigia Brighton mara nyingi, hakupokea. Siku ya tatu akanitumia sauti. Eti mwanangu tulia, hayo ya kijijini yatapita, kuna watu wazito wameishika ile picha, nisije nikafungua mdomo nikamharibia. Nyuma yake muziki unapigwa na watu wanacheka. Niliirudia ile sauti mara nne, nikitafuta mahali anapouliza mama yukoje. Hakuna.

Leo ni siku ya mia na kumi na moja, kwenye kikombe zimebaki punje kumi na tisa. Kikao kinakaa tena baada ya alasiri, na safari hii wanakata shauri mama atoke leo hii akamalizie kwao Kipatimu, na nyumba ifungwe. Wajane wanatolewa, hilo tunalijua, lakini wanasubiriwa wamalize. Huyu atapita barabarani na shuka lake jeupe mchana, kila mtu mlangoni kwake anamtazama, na jina ataenda nalo hilo hilo mpaka kaburini. Gari wameshalisemea.

Sasa dada, kama umesimama, kaa.

Brighton hakuingia chumbani kwa mama. Hakuingia hata siku moja. Alikuja kutoa pole, alikaa kwenye kigoda pale chini ya ukuta wa jiko, akasalimia kwa nje na mama akaitikia kupitia kwangu. Mwenyewe anajua haruhusiwi, amekulia hapa. Ila nilimwona anavyolitazama lile dirisha. Mimi nawatazama sana watu, kwa kuwa kuongea siwezi. Alikuwa anatazama kama paka. Halafu akanivuta nyuma ya choo, akaniambia wewe ni mwanawe, wewe unaingia. Akanivalisha kamera shingoni. Akanifundisha, mlango uwe nyuma yako mwanga uingie, mama akae karibu na ukuta, kitufe bonyeza kwanza nusu mpaka kidude cha kijani kiwake, halafu malizia. Kila kitu kingine alishakipanga mwenyewe.

Nikaingia. Mama akaniuliza hilo dude la nani. Nikamwambia nimeazimwa, najaribu tu. Kumbuka neno hilo, najaribu tu. Sikumwambia inaenda popote, na moyoni nilijua inaenda. Nikaweka jicho, na si unajua mimi toka utotoni jicho moja sijui kulifumba, nikifumba yanafumba yote mawili. Nikafumba yote. Mama akaniuliza kama napiga picha au nimelala. Nikajaribu tena, nikafumba tena. Mwisho nikaziba la kushoto kwa kiganja, kiwiko kimetoka nje kama mtu aliyepigwa ngumi. Hapo mama akacheka. Alikuwa hajacheka toka baba aondoke, dada. Ushungi ukaanguka mbele ya mwanawe, nani angeuokota. Nikabonyeza nusu, nikamalizia.

Kile kivuli ukutani si cha marehemu. Ni changu. Itazame kwenye simu yako, maana najua unayo, itazame upande wa kushoto. Utaona kichwa, utaona kiwiko kimetoka. Brighton kazi yake ni kufumba jicho moja, kiganja cha nini? Ametengeneza maneno juu ya kiwiko changu, watu wa kule wameyaamini, na watu wa hapa kiwiko hawajakiangalia.

Na simu ninayotumia, ambayo uliniuliza nimeitoa wapi nikasema nimeuza ufuta, alinipa yeye siku ile. Alisema ni zawadi. Nikapokea.

Kwa hiyo ujue yote. Picha nimepiga mimi. Mama nimemdanganya mimi. Nilipoulizwa mbele ya watu nimesema nilikuwa shamba, na shahidi wa mama nilikuwa mimi peke yangu. Na mama anajua. Anajua toka siku ya kwanza aliyepiga, na siku ile alipotumiwa mtoto angesema jina langu tu akapona. Aliponiona nimerudi kutoka kwenye kikao aliniuliza kama nimekula. Mpaka leo hajanidai neno. Hata jana mlango ulipokuwa unatoka alinikonyeza nisimrukie baba mdogo. Bora angenitukana.

Sikuandikii unionee huruma, wala sitaki unitetee. Nataka ufungue namba ya mama. Kama kuna mtu wa kumfungia, nifungie mimi. Na shangazi Naima akikupigia tena, mwambie umepata barua.

Nisalimie shemeji, mwambie ile nyavu ndogo aliyoniahidi asinipe, hajui bado anampa mtu gani. Watoto wabusu, na yule wa kikohozi mpe asali kama ipo. Mama hajui kama nakuandikia, lakini kila boti ikitajwa anauliza imetoka kwenu au inakwenda, kwa hiyo salamu zake chukua hapo.

Adhana ya alasiri imeshapita muda. Kutoka hapa naona kofia zao, wameanza kukaa pale barazani kwa baba mdogo, na gari limeshasimama kwenye mkorosho. Mlango wetu wameuegemeza ukutani nyuma yao. Faustino amewasha pikipiki, ananipigia honi. Lazima niondoke sasa hivi, dada, kabla hawajasoma dua ya kufungua, kwa sababu wakishaanza kuongea wakubwa mimi sitaweza tena kuinua mdomo, najijua. Nikisimama wa kwanza nitaweza. Nitawaonyesha kiwiko, nitainua mkono wangu vile vile niufananishe, na simu hii nitaiacha chini mbele yao. Halafu nitaudai mlango. Wakinipa nitaubeba kichwani mpaka hapa. Wasiponipa, au wakinifukuza mimi, mama atakuwa amebaki na jina lake.

Shuka nimelikandamiza kwa mawe mawili. Kunisikia natoka, mama ameniuliza naenda wapi. Nimemwambia naenda kuwaambia aliyepiga picha.

Ni mimi mdogo wako,
Abilahi Likwata
Njinjo, Ijumaa