Ngoma Kubwa Imebaki Bila Mtu

Afande,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ni juu yako. Ulipokuwa umelazwa hapa Jinja ulinishika mkono ukasema, "Rekodi kila ngoma peke yake, Peter ajifunze." Mwanao amezaliwa kambini Kimaka, Kigisu anasikia kwa shida, kadodi, ngoma ya tohara ya kwenu, anaiona kwenye simu tu. Nikakubali. Nani humkatalia mgonjwa? Sasa wewe umepumzika, mimi nahangaika na mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti.

Jana niliipeleka Mbale, nyumbani kwenu Malukhu. Ni ile mpya ya kidijitali, ya kubonyeza kwenye kioo. Kila maiki iwe na chaneli yake, kila chaneli iingie kwenye kompyuta peke yake. Mara ya kwanza zikaingia zote pamoja, kama ugali wa posho na maharage sahani moja. Nikarekebisha. Bado kila maiki ikawa inasikia ngoma ya jirani. Basi nikawatawanya wapigaji wako, mmoja nyuma ya jiko, mmoja ukutani kwa choo, wengine barazani.

Wee! Wakapotezana kabisa. Nikawavisha hedifoni zenye mlio wa kuhesabu mapigo, wakazivua. Mzee Mafabi akaniuliza huyu anayegonga tik tik bila kucheza ni mtu gani. Nilimfokea, Mungu anisamehe. Kumbe miaka yote hawakuwa wanakufuata kwa masikio, walikuwa wanatazama miguu yako! Kwa nini hukuniambia?

Nikaomba mmoja wao achukue ngoma yako kubwa. Kila mtu akasema mkono wake umezoea ya kwake. Chaneli yako ikabaki kimya, na ndiyo Peter anayoihitaji kuliko zote. Nilishaanza kukunja waya nirudi zangu Jinja. Mama Peter akatoka ndani na ngoma yako, akanivika shingoni. Mimi, Mteso, wala si Mgisu!

Nikaibana maiki kwenye ngoma, nikabonyeza rekodi, nikaiacha mashine ijitegemee. Nikasimama katikati ya uwanja wote wanione, nikacheza kama wewe, tumbo mbele. Wakacheka sana. Halafu wakaingia, mmoja mmoja, na ngoma ikakaa sawa. Ila pale unapogeuka kabla ya kubadilisha pigo, nikakwama. Unapiga mara mbili au tatu? Nikageuka nyuma nikuulize. Afande, niligeuka kabisa.

Nikapiga tatu. Baadaye nikawauliza wenzako: Mzee Mafabi anasema mbili, wengine tatu, wakagombana mpaka chai ikapoa.

Pumzika, ndugu yangu. Nimekukumbuka mpaka inauma. Peter nitamfundisha mwenyewe, kila Jumamosi, mpaka mkono wake ukubali. Kama ilikuwa mbili, utanisamehe, maana mwanao atapiga tatu maisha yake yote.

Rafiki yako wa Kimaka