Kiti Kipana cha Mtu Mmoja

Shemeji yako amekaa sebuleni na helmeti kichwani. Usinipigie, atasikia.

Pikipiki si imekamilika leo. Kioo cha kukinga upepo, usukani umeinuliwa nisiumwe mgongo, masanduku ubavuni, na nyuma sanduku kubwa na dumu la mafuta. Nikamwita aione kabla hatujaondoka.

Akatoka na begi lake. Akaizunguka. Akaizunguka tena. Halafu kwa upole kabisa: "Mume wangu, mimi nakaa wapi?"

Nikatazama kiti, nikatazama sanduku. Hata paka hana pa kukaa.

Na safari yenyewe ni wazo lake. Yeye ndiye aliyesema tangu harusi hatujaenda popote, tutengeneze pikipiki twende wawili. Siku zote hizi ananishikia tochi nikikaza bolti.

Nikajichekesha, nikamwambia sanduku linatoka, ni bolti nne tu.

"Sanduku linatoka. Kiti je?"

Mimi nakaa wapi. Kwa upole, ndugu yangu. Bora angenitukana.

Hicho kiti ndicho kinachoniua. Fundi aliniuliza kabla hajakata sponji, "Cha mmoja au cha wawili?" Nikamjibu cha mmoja, kipana, safari ni ndefu. Papo hapo, wala sikufikiri. Akanitazama, akashona.

Nimemwambia mke wangu fundi ndiye aliyekosea.

Subiri. Amevua helmeti, anaongea na simu.

Umesahau fundi wa viti ni nani? Ni kaka yake.