Honi ya Gari Jeupe

Nairobi
12 Agosti 2001

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu zaidi kidogo kuliko mwezi uliopita. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Kazi ni nyingi tu. Hata hii naandika wenzangu wakiwa wameenda kula, ndiyo maana unaona nembo ya kampuni hapo juu.

Najua nilisema ningekuja Pasaka, na kabla ya hapo nilisema Krismasi. Usinihesabie. Safari hii ni kweli. Kuna gari moja ninalifuatilia, dogo, rangi ya maziwa. Nikilipata Desemba nitalileta hadi langoni kwetu, nikupandishe, nikupeleke kwa daktari wa maana, watu wa Kalama waone kwamba Mwalimu Kisilu hakusomesha bure. Lakini kushuka matatu pale steji na mfuko wa nailoni mkononi, baada ya miaka mitatu, hapana Baba. Ndunge niliyeketi naye darasani angeninunulia soda kwa huruma.

Kunywa uji hata kama hauna ladha.

Mama yako,
Ndinda


Kalama
26 Agosti 2001

Mwaitu Ndinda, yaani mama, maana umebeba jina la mama yangu mzazi,

Nakusalimu. Je, unakula? Unalala? Nimeuliza kwanza kwa sababu katika barua zako huwa hujibu.

Ugonjwa wangu ni moyo. Miguu imevimba, viatu vyangu vya ualimu havinitoshi tena, na pumzi hunikatikia kati ya kitanda na mlango. Daktari wa Machakos alinieleza kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayedhani mzee hataelewa. Nikamsahihishia sarufi. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniambia nikiziona mvua za Novemba nishukuru.

Baba yako mdogo Bartholomew ameshaunda kamati ya mazishi nami bado nanywa uji. Wanakutana uani, chini ya dirisha langu. Juzi walibishana kuhusu jeneza lenye kioo hadi nikakohoa wajue niko macho. Wamekuandikia wewe, binti wa Nairobi, fahali na mahema. Na Bartholomew ana wazo analolipenda kuliko yote: kwamba gari langu jeupe lifufuliwe, liongoze msafara. Anatafuta fundi.

Mchana nikisinzia naliona gari hilo likienda. Linapita juu ya miiba bila kuigusa, na vilima vinasogea pembeni kulipisha. Unakumbuka Jumapili baada ya ibada? Mimi kwenye usukani, mama yako kando yangu na kiondo chake mapajani, wewe nyuma ukinipigia kelele nipige honi. Tulifika Kisumu, tulifika Malindi, na jua lilikuwa bado halijatua.

Usingoje Desemba. Njoo kabla ya mvua.

Baba yako


Nairobi
23 Septemba 2001

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Nimesoma barua yako mara tatu. Naomba Mungu akuongezee siku, na naomba wewe umsaidie kwa kumeza dawa.

Nakumbuka safari zote. Nakumbuka harufu ya viti vikipigwa na jua, na vile ulivyokuwa ukinitajia mito tuliyovuka. Honi ulipiga kwa mdomo, ukisema betri inapumzika. Mpaka leo nikisikia honi ya kweli naona ni ya uongo.

Kuhusu kuja, nivumilie. Mambo ya lile gari yanakaribia. Mwambie baba mdogo fahali ninaweza, mahema pia. Sitaki mtu aseme binti yako ni maneno matupu. Wewe ulinifundisha hivyo: hata shule ulikuwa unanipeleka na soksi zilizopigwa pasi, wakati nyumbani tulikuwa tunakula mbaazi bila mafuta. Nitakuja vizuri, ama nisije.

Mama yako,
Ndinda


Kalama
7 Oktoba 2001

Mwaitu,

Natumaini u mzima. Mimi nimepungua. Naandika mistari michache, napumzika, kisha narudi. Kwa hiyo ukiona mwandiko umebadilika usidhani ni mtu mwingine.

Umeandika kwamba utakuja vizuri ama usije, na kwamba ni mimi niliyekufundisha. Ni kweli. Basi acha nikufundishe tena, kwa kuwa somo la kwanza nililikosea.

Gari letu halikuwahi kuwa na injini.

Ule mwaka bei ya kahawa ilipopanda, watu wa Kangundo walinunua magari kama wanaonunua mwavuli. Walimu wenzangu waliooa huko walikuja mikutanoni wakizungusha funguo kidoleni. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu, na nilifika kwa miguu, suruali ikiwa na vumbi hadi magotini. Kule mjini, nyuma ya gereji moja, nikaliona Pijo jeupe, bodi safi, viti vyekundu, ndani ya boneti hamna kitu. Nikalinunua kwa pesa za vyondo. Mama yako alikuwa amesuka miaka sita, akiweka kidogo kidogo, ili tujenge tangi la mawe la kuvuna maji ya mvua. Nilimwambia tangi litafuata. Trekta ililivuta hadi kwetu Ijumaa Kuu, watu wakiwa kanisani, nikaliweka langoni, sura ikitazama barabara.

Watu walipouliza, nilisema petroli ni ghali, nalihifadhi kwa mambo makubwa. Kila Jumamosi nililiosha. Fikiria, Ndinda. Nililiosha kwa maji aliyoyabeba mama yako Kasyoka kutoka kwenye mchanga wa mto, mtungi mgongoni na mukwa kwenye paji la uso. Ule ukanda wa ngozi ulimchora alama ambayo haikuondoka hata alipolala kwenye jeneza. Wewe ulimbusu hapo. Nilikuona.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia padri.

Asubuhi ile ya mwaka wa tisini na nne, mama yako aliposhikwa na tumbo, jirani yetu Wambua alikuwa anapakia maembe kwenye pikapu yake. Alimsikia akilia. Angeweza kumchukua pale pale. Lakini alinitazama, akalitazama gari langu, akaona si adabu kumpakia mke wa mwalimu mkuu juu ya maembe wakati mume ana Pijo. Akaniuliza kama natoka. Nikasema sina mafuta.

Wambua ni mtu mwema. Aliingia kwake akatoka na mtungi. Akaniambia, "Mwalimu, usiwe na wasiwasi, mafuta ninayo."

Nikayamimina. Ndinda, nilifungua kifuniko cha tangi la gari lisilo na injini, nikamimina petroli yote taratibu, mama yako akinitazama kutoka mlangoni, ameshika tumbo. Aligeuza tu uso. Kisha nikaingia, nikazungusha ufunguo, nikatikisa kichwa, nikasema betri imekufa. Kufikia hapo Wambua alikuwa ameshaondoka kupeleka maembe yake sokoni. Tulikaa tukingoja basi hadi saa sita. Siku ya tatu alifariki hospitalini. Sikuthubutu kumuuliza daktari kama zile saa zingemwokoa, na yeye hakunieleza.

Neno moja tu lingetosha: Wambua, sina gari. Nilikuwa nalo mdomoni.

Ndiyo maana nakuandikia kabla fundi wa Bartholomew hajafika. Sitaki uje na gari. Sitaki fahali. Nilipokuwa mwalimu nilisoma bahasha kabla ya barua, na tabia hiyo haijaniacha: ndani unaandika Nairobi, lakini mihuri ya posta ya mwaka huu wote inasema Athi River. Karatasi zenye nembo nazo zimekuwa za manjano pembeni. Sijui nini kimekupata, na sikuulizi. Nakuomba tu ushuke pale steji, na mfuko wa nailoni ukitaka, utembee.

Baba yako


Athi River
4 Novemba 2001

Baba,

Shikamoo. Samahani nimekaa kimya mwezi mzima. Barua yako iliniweka kitini nikashindwa kuinuka. Uko aje? Unapumua? Naandika hii kwenye karatasi ya daftari, si unaona.

Walitupunguza kazini mwaka wa tisini na nane. Nilibeba ile rimu ya karatasi siku ya mwisho, ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho. Sasa niko na kibanda hapa karibu na viwanda. Napika githeri, mahindi na maharagwe, pamoja na chapati za watu wa mjengo. Nalipa kodi ya chumba, nakula, jioni nasoma gazeti la jana. Si maisha mabaya, Baba. Ubaya ulikuwa ule wa kukuandikia. Mabasi ya Machakos yanapita mbele ya kibanda changu kutwa. Najua makondakta kwa majina. Mmoja hunitania, "Mama Githeri, utapanda lini?" Nami humwambia nangojea gari langu.

Lakini kuna jambo lako nataka kulirudisha. Nilijua. Nilikuwa na miaka tisa, natafuta kuku aliyekuwa anataga mahali pa siri. Nilifungua boneti nikamkuta amekaa pale injini ingekaa, na mayai kumi na moja. Nikakimbia kumwambia Mama. Hakushangaa. Aliendelea kusuka. Alisema, "Usimwambie baba yako. Mwache asafiri."

Kwa hivyo hata siku ile ya petroli alijua. Nimelia sana kwa hilo. Sijui kama nimekusamehe, siwezi kukudanganya tena. Kuna usiku nakusamehe na asubuhi nakasirika nikichota maji. Lakini najua kwamba alipanda gari lile kila Jumapili akijua halitatoka langoni, na alivaa kitambaa chake kizuri.

Nitafika Jumamosi tarehe kumi na saba. Nitakuja na unga, sukari na maharagwe, nimefunga kwenye gunia. Nimekuwa nao ule mukwa wa Mama tangu mazishi yake. Ndio ninaobebea maji hapa. Nitabebea gunia. Ndunge akitaka kuninunulia soda, nitakunywa.

Nisubiri.

Mama yako,
Ndinda


Kalama
Jumamosi, 17 Novemba 2001

Mwaitu,

Hii sitaituma posta. Nitakupa mkononi, au utaikuta kitini.

Umeamkaje huko njiani? Mimi nimeamka vizuri kuliko nilivyostahili. Nilimwomba Bartholomew anibebe hadi kwenye gari, na sasa nimekaa nyuma ya usukani, blanketi magotini. Mvua ilinyesha jana. Ukungu umekaa juu ya vilima, vioo vimepata jasho, na barabara inaonekana kama inateremka kutoka mbinguni moja kwa moja hadi langoni.

Fundi alikuja Jumanne. Kabla hajagusa kitu nikawaita wote, kamati nzima, na Wambua pia, nikawaambia. Kisha boneti ikafunguliwa. Kulikuwa na kuku. Si yule wako, ni mjukuu wa mjukuu wake. Bartholomew aliinama akatazama ndani, akasema, "Kaka, miaka yote hii nimekuwa nikiogopa kukuomba lifti ya kuku." Akacheka hadi akaketi chini. Wambua hakucheka. Alikuja akasimama kando yangu, akaweka mkono begani mwangu, akauacha hapo. Kisha akaenda kumtazama ng'ombe wake.

Tumekubaliana: sanduku la mbao, majirani wanibebe mabegani, ni hatua mia mbili tu hadi alipolala mama yako. Kahawa na mkate. Vyuma vya gari vitauzwa kwa kilo, na fundi, kwa kuwa alikuwa amekuja hata hivyo, ameshapima mahali pa lile tangi la maji. Acheni kiti kimoja chekundu. Ukikiweka ukutani, kitakaliwa.

Natumia muda kusafiri. Nimeshavuka mto Athi, na mama yako yuko kando yangu, kiondo mapajani, anatazama dirishani. Nimemwambia halina injini. Anasema anajua, niangalie barabara.

Saa nne. Basi limepiga kelele pale steji. Limeondoka.

Ameshuka mtoto wa shule. Ameshuka mwanamume mwenye baiskeli.

Na sasa kuna mtu anapanda huku ndani ya ukungu. Ameinama mbele, mzigo mgongoni, kichwa kimevuta mkanda. Kwa dakika moja nilidhani ni Kasyoka anatoka mtoni, nikaona aibu juu ya ndoo ya kuoshea gari niliyotaka kumwomba. Lakini huyu amesimama, ametoa viatu akavishika mkononi, ameinua uso kulitazama gari.

Pumzi iliyobaki ni kidogo. Naweka kalamu, nipige honi