Tangi la Nyambizi Alilolipunguza Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize hadi mwisho, kwa sababu nikisema haya hapa mtaani wataniona nimerukwa na akili. Binti yetu, tuliyezoea kumwita Injinia, alifariki mwaka jana akiwa na miaka kumi na minne, akaacha nyambizi ya kuchezea aliyokuwa akiiunda, inayoendeshwa kwa rimoti, ndefu kama mkono wangu, imebaki kuwekwa tangi tu, lile linaloingiza maji chombo kikazama na kuyatoa kikaibuka, na baba yake akaapa kuimalizia, nami nikafurahi maana tangu msiba alikuwa haongei. Sasa kila Jumapili tunaipeleka kwenye bwawa la kuogelea la shule aliyosoma, inazama nusu, mgongo unabaki juu, naye anasema, "Bado kidogo, mke wangu," anaifunga kwenye taulo tunarudi.

Mshauri, mume wangu ni fundi wa matangi ya maji ya majumbani, hajawahi kukosea kipimo. Injinia mwenyewe alinifundisha nikikatakata vitunguu: "Mama, tangi libebe maji sawa na ukubwa wa ile sehemu inayobaki juu. Likipungua haizami, likizidi inakwenda jumla." Basi juzi baba yake akiwa kazini nikajaza beseni hadi ukingoni, nikageuza nyambizi nikatumbukiza mgongo mpaka kwenye mstari alioupaka mtoto kuonyesha maji yanapofika ikielea, maji yaliyomwagika yakajaza vikombe viwili, na tangi la baba yake linabeba kimoja. Amelipunguza makusudi. Nimepata chupa ngumu ya vikombe viwili inayoingia kwenye mpira wa pampu ileile ya kuvuta maji, nataka kubadilisha kimyakimya kabla ya Jumapili, maana mtoto alitamani kuiona ikizama akafa hajaiona, na mimi nimechoka kuutazama mgongo ule. Je, nitakuwa nimekosea?

Mke wa fundi

Dada yangu, pole sana, wewe na shemeji. Sasa niache nikugombeze. Chupa hiyo iache kabatini. Hesabu yako ni sahihi, wala sibishani na Injinia, lakini unataka mwenzio asimame pale ukingoni aone kitu cha mwanawe kinapotea ghafla? Na pampu ikigoma huko chini, utamwambia nini? Wanasema vyaelea vimeundwa, na hii ya kwenu imeundwa isizame kwa sababu shemeji anaogopa. Kosa lake ni kukuficha, akakuacha uomboleze peke yako.

Leo akirudi, weka beseni mezani, pimeni pamoja, vikombe ahesabu yeye. Usimwambie "umenidanganya." Mwambie "hata mimi naogopa." Akilia mwache alie, na wewe lia. Tangi jipya alitengeneze kwa mikono yake. Kisha nunueni kamba ya kuvulia samaki, muifunge puani mwa nyambizi. Rimoti shika wewe, kamba ashike yeye, aivute wakati wowote roho yake ikishindwa. Mtoto mlimshusha kaburini bila kamba ya kumrudisha. Hii mnayo.