Msemaji wa Nyumba Yetu

Bweni la Wavulana, ghorofa ya pili,
Chuo cha Ualimu.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Habari za huko? Baba Mdogo na wale watundu wawili hawajambo? Na mgongo wako, umetulia? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Moyoni ndiko kuna kazi.

Najua barua hii itakushtua, maana tangu wewe na Mama mkosane siku ya msiba wa Bibi, hakuna aliyekuandikia. Tafadhali usiitupe. Isome mpaka mwisho.

Unakumbuka walivyoniita Spika mtaani? Baba na Mama ni viziwi, huongea kwa mikono, basi mimi ndiye niliyewasemea tangu sina hata meno ya mbele. Mteja akija karakanani kuomba apunguziwe bei ya kabati, nilibishana naye kwa niaba ya Baba, na Baba akikasirika, nami nilikasirika, mikono kiunoni. Watu walicheka mpaka basi. Nilijiona bingwa kwelikweli.

Huku chuoni spika imekata moto. Juzi mwalimu wa saikolojia aliniuliza, "Na wewe, unaonaje?" Nikasimama. Macho yakaanza kutafuta mikono ya mtu ili nimsemee, kumbe hakuna mtu, ni mimi ninayeulizwa. Darasa zima likaangua kicheko, nikaketi nimelowa jasho. Mama Mdogo, nimekuwa mtu mzima na sijui nina maneno gani ya kwangu. Nitafundishaje watoto wa watu?

Lakini hayo ni madogo. Nilipoondoka, kazi yangu ilimwangukia kitinda mimba wetu, na sasa anakosa shule kila Mama akienda hospitali. Wiki iliyopita daktari alimwagiza yule mtoto amweleze mama yake kwamba uvimbe alio nao kwenye titi ni saratani na lazima apasuliwe mapema. Mtoto wa darasa la sita! Akashindwa. Akamwambia Mama kwamba ni vidonge tu, atapona. Kisha akanipigia simu akilia hata haeleweki. Hivi kweli, daktari mzima anamtwika mtoto mzigo kama ule?

Nikafungasha nguo nirudi nyumbani, mitihani na ikae huko. Ila sikutaka Mama aendelee kumeza vidonge vya uongo huku mimi niko njiani, basi nikampigia simu ya video. Nilimweleza yote kama daktari alivyosema. Kwa jinsi nilivyoizoea kazi ile, mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Mama aliifuata mikono yangu mpaka mwisho. Akaniambia, "Hayo ni ya daktari. Ya kwako je?"

Mikono ikagoma, Mama Mdogo. Mwisho nikamwambia naogopa. Sidhani kama nimewahi kumwambia Mama neno langu mwenyewe, ukiacha njaa. Tulilia wote wawili, simu nimeiegemeza kwenye kikombe.

Baadaye akawa mkali, si unamjua: nikirudi kabla ya mitihani atanifungia mlango, na mdogo wangu haingii tena kwa daktari. Baba yupo, lakini huko hospitali wataita jina mpaka wachoke na yeye ametulia tuli kwenye benchi. Ndipo nikamuuliza Mama, sasa atakaa na nani, mtu mzima anayesikia na anayeijua mikono yake?

Unajua kwetu kila mtu ana jina lake la mikono. Lako hatujaliona tangu ule msiba. Mdogo wangu halijui kabisa. Mama aliinamisha kichwa. Kisha akagusa shavu lake kwa kidole, pale ambapo wewe una kishimo.

Upasuaji ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nisalimie Baba Mdogo, na wale watundu uwaambie kaka yao anawakumbuka. Mungu awalinde na kuwapa afya nyote hapo nyumbani.

Mama hakuniagiza nikuombe lolote. Hili ni neno langu mwenyewe: njoo.

Wako akupendaye,
mwanao,
Spika